Sera za serikali na ukuaji wa uchumi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali yaliyo hapa ni yale yanayojirudia kila bajeti inaposomwa, kila bei inapopanda na kila kodi mpya inapotangazwa. Yameanzia ya msingi yakaishia na yale yanayozua ubishi. Jibu likikuelekeza kwenye swali jingine, maelezo kamili yako huko.

## Ya msingi

Ikisemwa uchumi "umekua kwa asilimia 5", maana yake nini?

Maana yake thamani ya bidhaa na huduma zote zilizozalishwa nchini mwaka huu imezidi ya mwaka jana kwa asilimia 5, baada ya kuondoa athari ya kupanda kwa bei. Thamani hiyo ndiyo pato la taifa. Kabla hujashangilia, toa ongezeko la watu: uchumi ukikua kwa asilimia 5 na watu wakiongezeka kwa asilimia 3, nyongeza ya kila mtu kwa wastani haizidi sana asilimia 2.

Tofauti ndogo ya asilimia huwa kubwa mno miaka inavyopita. Chukua 70, ugawanye kwa kiwango cha ukuaji, utapata takriban miaka inayohitajika ili kipato kiongezeke maradufu. Kwa asilimia 2 ni miaka 35. Kwa asilimia 7 ni miaka 10. Mtoto anayezaliwa leo kwenye nchi ya kwanza atakuwa mzazi kabla hajaona kipato cha wastani kikiongezeka maradufu. Wa nchi ya pili atakuwa bado yuko shule ya msingi. Ndiyo maana mjadala huu haufai kuachiwa wachumi peke yao.

Serikali hailimi wala haichuuzi. Inakuzaje uchumi?

Kwa kugusa uamuzi wa anayelima na anayechuuza. Chukua mkulima anayetaka kupanda kakao. Mkakao huchukua miaka mitatu hadi mitano ndipo uanze kuzaa vizuri. Akiwa ameshika mche mkononi, anajiuliza: miaka mitano ijayo shamba litakuwa bado langu? Njia ya kutolea mzigo itapitika? Nitalipwa kiasi gani, na fedha hiyo itakuwa na thamani gani? Nikidhulumiwa, kesi yangu itasikilizwa lini? Majibu ya maswali yote hayo yamo mikononi mwa serikali, ingawa haitashika jembe hata siku moja. Ukijumlisha mamilioni ya watu wanaoamua kupanda au kutopanda, kujenga au kusubiri, kuajiri au kubaki wachache, ndipo unapata ile asilimia inayotangazwa.

Kuna pia mambo ambayo hakuna mfanyabiashara atakayeyagharamia peke yake, kwa kuwa faida yake inatawanyika kwa wote: barabara za vijijini, chanjo, utafiti wa hatua za mwanzo. Intaneti ilichipuka kwenye mtandao wa ARPANET uliowashwa mwaka 1969 kwa fedha za wizara ya ulinzi ya Marekani. Ugonjwa wa ndui ulitangazwa kutokomezwa mwaka 1980 baada ya serikali nyingi kushirikiana kupitia Shirika la Afya Duniani. Hesabu ya biashara peke yake isingefikisha dunia kwenye mambo hayo mawili.

Mbona takwimu zinasema uchumi unakua, lakini mfukoni sioni kitu?

Anayeuliza swali hili hajakosea, na inasikitisha kuona viongozi wakimjibu kana kwamba haelewi hesabu. Wastani huficha mengi. Migodi miwili mipya inaweza kuinua pato la taifa huku ikiajiri watu wachache, na sehemu kubwa ya faida ikaenda kwa wenye hisa walio nje. Wakati huohuo kilimo, ambacho katika nchi nyingi maskini ndicho kinachobeba watu wengi zaidi, kinaweza kuwa kimesimama palepale.

Kwa hiyo usiulize uchumi umekua kwa kiasi gani tu. Uliza umekulia wapi. Ukikulia kwenye sekta zinazoajiri wengi, utausikia mtaani bila kutangaziwa.

Ipi bora, serikali kubwa au ndogo?

Ukubwa hautuambii mengi. Denmark hukusanya kodi inayokaribia nusu ya pato lake la taifa, Singapore haifikishi hata robo, na zote mbili ni tajiri. Kinachofanana ni kwamba sheria zinajulikana mapema, mahakama inatoa hukumu, kibali hakiuzwi chini ya meza, na sera ikishindwa hurekebishwa. Hayo mawili ya uhakika na kujirekebisha utayaona tena na tena kwenye majibu yanayofuata, kwa kuwa naamini ndiyo yenye uzito kuliko mengine yote.

Anayedhani sera hazina nguvu aitazame rasi ya Korea. Ni watu wa lugha moja na historia moja, waliogawanywa mwaka 1945. Wakati huo kaskazini ndiko kulikokuwa na viwanda vingi vizito na umeme mwingi zaidi. Leo kusini ni miongoni mwa nchi tajiri duniani, na kaskazini watu hawana uhakika wa chakula.

## Kodi, bajeti na deni

Je, kupunguza kodi hukuza uchumi?

Wakati mwingine. Kodi ikiwa kubwa kiasi cha kumfanya mtu afiche biashara yake au aache kuipanua, kuipunguza kunaweza kuongeza uzalishaji na hata mapato ya serikali. Lakini kodi ambayo tayari ni ya wastani ukiipunguza bila kupunguza matumizi, umefungua shimo ambalo lazima lijazwe kwa mkopo au kwa kuchapisha fedha.

Sri Lanka ni mfano mchungu. Mwishoni mwa 2019 serikali mpya ilishusha kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 15 hadi 8 na kuwaondoa wafanyabiashara wengi kwenye wigo wa kodi. Mapato yakaporomoka. Likaja janga la corona, watalii wakatoweka, na kufikia Aprili 2022 nchi ilitangaza kuwa imesitisha kulipa madeni ya nje. Watu walikaa kwenye foleni za mafuta siku nzima. Punguzo la kodi halikuwa sababu pekee (tazama pia swali la mbolea hapo chini), ila liliiacha serikali bila akiba wakati shida ilipofika.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni kwamba mfanyabiashara huumizwa na kodi inayobadilika kila Juni kama anavyoumizwa na kodi kubwa. Kodi ya asilimia 30 inayojulikana miaka kumi mbele, ataipigia hesabu. Ya asilimia 20 ambayo mwakani huenda ikawa 35, pamoja na tozo mbili mpya ambazo hakuna aliyezitarajia, humfanya aweke fedha zake kwenye kiwanja na kukaa kimya.

Misamaha ya kodi kwa wawekezaji wakubwa je?

Mara nyingi ni hasara. Mwekezaji anayefuata madini atakuja madini yaliko hata bila msamaha. Yule anayefuata msamaha peke yake huondoka muda wake ukiisha, au anasajili kampuni ileile kwa jina jipya ili aanze upya. Na kila anayesamehewa, mzigo wake humwangukia asiye na mtetezi. Msamaha unaofaa ni ule ulioandikwa kwenye sheria, ulio wazi kwa yeyote mwenye sifa, wenye tarehe ya mwisho.

Je, deni la taifa ni baya?

Deni lenyewe si tatizo. Uliza mambo matatu: lilijenga nini, litalipwa kwa fedha gani, na linamnyima nani mkopo?

Reli au bwawa la umeme linaloinua uzalishaji linaweza kujilipa. Mkopo wa kulipa mishahara ya mwezi huu hauwezi. Deni la dola hulipwa kwa dola, kwa hiyo sarafu ya nchi ikishuka thamani, deni hupanda bila kukopa hata senti moja zaidi. Tena, serikali ikizidi kukopa ndani, benki hazina haja ya kumtafuta mjasiriamali. Kwa nini afisa wa mikopo ahangaike kukagua karakana ya seremala wakati hatifungani ya serikali, yaani hati ya kuikopesha serikali, inamlipa riba nono bila usumbufu? Seremala anaambiwa alete hati ya nyumba, na mashine aliyotaka kununua inabaki dukani.

Zambia ilishindwa kulipa mwaka 2020, Ghana mwaka 2022. Kabla ya kufika hapo kila nchi ilikuwa na miaka kadhaa ya onyo.

Serikali kuchelewa kulipa wazabuni kunahusianaje na ukuaji?

Kunahusiana sana, na ni sera mbaya isiyotangazwa popote. Mkandarasi amejenga zahanati, amekabidhi, hati imesainiwa. Malipo yanatakiwa ndani ya miezi mitatu. Mwaka unakwisha. Saruji aliichukua kwa mali kauli, kwa hiyo mwenye duka naye anasubiri. Mafundi amewalipa kwa mkopo wa benki, na riba inaendelea kuhesabiwa. Mwaka wa pili benki inapiga mnada gari lake. Akishinda kesi na kulipwa, hakuna kampuni tena.

Anayefuata akija kuomba zabuni hupandisha bei ili kufidia ucheleweshaji anaoujua, au anakuwa mtu mwenye "jamaa" hazina wa kumsukumia malipo. Kwa hiyo serikali inanunua kwa bei ghali zaidi, kutoka kwa watu wasio bora zaidi. Kama ningeulizwa sera moja ya kukuza biashara ndogo ambayo haihitaji sheria mpya wala mfadhili, ningejibu: lipeni mnachodaiwa, kwa tarehe mliyoahidi.

Uchumi ukidorora, serikali ibane matumizi au iongeze?

Kama inaweza kukopa kwa riba ya kawaida, ni afadhali isibane wakati huo. Watu na kampuni wakiacha kununua na serikali nayo ikaacha, hakuna anayenunua. Ugiriki ilibanwa kuanzia 2010 ili kupunguza deni. Uchumi wake ukapungua kwa takriban robo, na deni likilinganishwa na pato la taifa likazidi kuwa kubwa. Lakini Ugiriki haikuwa na uhuru wa kuchagua kwa sababu hakuna aliyetaka kuikopesha. Akiba ya kukabili kiangazi huwekwa wakati wa mvua.

## Fedha na bei

Kwa nini serikali isichapishe fedha ikatugawia?

Kwa sababu fedha zikiongezeka na mahindi yakabaki yaleyale, mahindi yatapanda bei. Zimbabwe ilifika mahali ambapo takwimu rasmi za Julai 2008 zilionyesha mfumuko wa bei wa asilimia milioni 231 kwa mwaka. Januari 2009 ilitolewa noti ya dola trilioni 100. Mwaka huohuo wananchi waliruhusiwa kutumia fedha za kigeni, na ile sarafu ikaachwa.

Anayeumia zaidi ni mwenye mshahara na mwenye pensheni. Tajiri huhamishia mali zake kwenye nyumba na dola mapema. Mwalimu aliyeweka akiba benki miaka 30 hubaki na kitabu chenye tarakimu ndefu kisichoweza kununua mkate.

Kwa nini benki kuu hupandisha riba wakati watu tayari wanaumia?

Ili kupunguza kasi ya kukopa na kununua, na kuwashawishi watu waendelee kuishika sarafu ya nchi badala ya kukimbilia dola. Ni dawa chungu, na ikizidishwa huua biashara zilizokuwa nzima. Sikatai.

Kutoinywa kuna gharama pia. Uturuki ilishusha riba ya benki kuu kutoka asilimia 19 hadi 14 kati ya Septemba na Desemba 2021, wakati bei zilikuwa tayari zinapanda, kwa imani kwamba riba ndogo itashusha bei. Sarafu ikaanguka, na Oktoba 2022 mfumuko wa bei ukapita asilimia 85. Baadaye ililazimika kupandisha riba hadi asilimia 50. Dawa iliyokataliwa mapema ilirudi kwa dozi kubwa zaidi. Nchi nyingi ziliipa benki kuu uhuru wake, na New Zealand ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kufanya hivyo kwa sheria ya 1989, kwa sababu mwanasiasa anayekaribia uchaguzi hana uvumilivu wa kusubiri dawa ifanye kazi.

Bei zikipanda, kwa nini serikali isizipange?

Hamu hiyo inaeleweka. Lakini bei ikipangwa chini ya gharama, muuzaji huacha kuuza, au huuzia mlango wa nyuma. Zimbabwe iliwaamuru wenye maduka kukata bei kwa nusu katikati ya mwaka 2007, na wiki chache baadaye rafu zilikuwa tupu.

Riba nayo ni bei, na hapo mfano mzuri ni Kenya. Mwaka 2016 Bunge lilipitisha sheria kwamba riba ya mikopo isizidi asilimia 4 juu ya kiwango cha riba cha benki kuu. Nia ilikuwa njema, kwani riba zilikuwa zinanyonga watu. Ukuaji wa mikopo ulikuwa umeshaanza kupungua, na baada ya sheria hiyo benki zikawa nzito zaidi kumkopesha mtu mdogo, maana haziruhusiwi kumtoza kulingana na hatari wanayoiona kwake. Zikaelekeza fedha serikalini. Mama mwenye kibanda, aliyekusudiwa kuokolewa, alijikuta kwenye mikopo ya simu yenye makato makubwa kuliko riba ya benki. Sheria ilifutwa Novemba 2019. Kasoro yake ilichukua miaka mitatu kurekebishwa, na bado naihesabu kuwa afadhali, kwa sababu zipo nchi ambako sera ya namna hiyo hudumu kizazi kizima.

Katika dharura ya muda mfupi, au panapokuwa na muuzaji mmoja tu kama wa umeme au maji, kupanga bei kunaweza kuwa na maana. Kwa kawaida, ukitaka bei ishuke, tafuta kinachozuia bidhaa kuwa nyingi.

## Kilimo, viwanda na madini

Bodi za mazao zinamsaidia mkulima au zinamnyonya?

Zimefanya yote mawili. Wazo la awali ni zuri: nunua kwa bei moja iliyotangazwa kabla ya msimu, weka akiba mwaka bei ikiwa juu, mfidie mkulima mwaka ikishuka. Ubaya huanza ile akiba inapogeuzwa mfuko wa serikali.

Bodi ya kakao ya Ghana ilianzishwa mwaka 1947. Msimu wa 1964/65 nchi hiyo ilivuna zaidi ya tani 500,000 na kuongoza duniani. Baada ya hapo serikali moja baada ya nyingine, za kiraia na za kijeshi, zilizidi kukata kipande cha mkulima. Njia iliyoumiza kuliko zote haikuonekana kwa macho: kiwango rasmi cha sarafu. Kuanzia 1978 hadi 1983 dola moja ilihesabiwa kuwa cedi 2.75, wakati mtaani ilikuwa mara nyingi zaidi ya hapo. Kakao iliuzwa nje kwa dola, dola zikabadilishwa kwa kile kiwango cha bandia, na mkulima akapewa sehemu ya hicho kilichobaki. Fedha aliyopewa haikununua sabuni wala panga, tena maduka hayakuwa na sabuni wala panga.

Akafanya ambalo mtu yeyote mwenye akili angelifanya. Walio karibu na mpaka walivusha magunia usiku kwenda Ivory Coast na Togo, kwenye sarafu inayonunua kitu. Walio mbali waliacha kupogoa, wakaacha kunyunyizia dawa, mikakao ikazeeka na mashamba yakawa msitu. Ukame na moto wa 1983 ulipofika, ulikuta mashamba yaliyokwisha kukatiwa tamaa. Msimu wa 1983/84 mavuno hayakufika tani 160,000.

Angalia kwamba hakuna aliyepitisha sheria ya kukataza kilimo cha kakao. Kuna mti uliochukua miaka mitano kukua na mtu aliyeamua kutopanda mwingine.

Ruzuku ya mbolea inafaa?

Inafaa ikimfikia mkulima kabla ya mvua na ikiwa na mwisho unaojulikana. Ikifika mahindi yakiwa yamebeba, au ikipitia kwa walanguzi, ni fedha zilizopotea. Kuiondoa ghafla nako ni hatari. Sri Lanka ilipiga marufuku mbolea za viwandani Aprili 2021 ili nchi nzima ilime kwa mboji, bila kuwa na mboji ya kutosha. Mavuno ya mpunga yakaanguka, chai ikaathirika, na Novemba marufuku ikaondolewa baada ya kilio cha wakulima. Kilimo cha mboji kinaweza kuwa kizuri. Kukigeuza kwa msimu mmoja haiwezekani, kwa sababu udongo haupokei amri.

Je, tulinde viwanda vya ndani dhidi ya bidhaa za nje?

Korea Kusini ilivilinda na ikafaulu. Nchi nyingi nyingine zilivilinda na kuishia na viwanda vinavyouza bidhaa duni kwa bei ghali kwa wananchi wao wenyewe. Tofauti ilikuwa kwenye masharti. Kuanzia 1965 Rais Park Chung Hee aliongoza mkutano wa kila mwezi wa mauzo ya nje, ambako makampuni na wizara walieleza wameuza nini na wamekwama wapi. Mkopo wa riba nafuu ulimwendea aliyeuza nje. Aliyeshindwa alinyimwa. Mauzo ya nje yalikuwa dola milioni 100 mwaka 1964, na mwaka 1977 yakafika dola bilioni 10.

Soko la nje ni mtihani usiohongeka. Mnunuzi wa mbali hajui wewe ni shemeji wa waziri. Kwa hiyo ukisikia kiwanda kinaomba ulinzi, uliza: hadi lini, na kitapimwa kwa nini? Asiyeweza kujibu anaomba posho.

Leseni na vibali vinawezaje kukwamisha nchi nzima?

India iliishi hivyo kwa miongo minne. Kiwanda kilihitaji leseni ili kufunguliwa, kupanuliwa, hata kuzalisha zaidi ya kiwango kilichoandikwa. Aliyezalisha zaidi alikuwa amevunja sheria! Watu walilipia skuta na kuisubiri kwa miaka. Julai 1991, akiba ya fedha za kigeni ikiwa imebaki ya kuagizia bidhaa kwa wiki chache tu na dhahabu ya taifa ikiwa imewekwa rehani nje, serikali ya P. V. Narasimha Rao na waziri wake wa fedha Manmohan Singh ilifuta leseni za viwanda isipokuwa kwa aina 18 za bidhaa.

Vibali vya usalama wa chakula, majengo na dawa ni vya lazima. Shida ni kibali ambacho kazi yake ni kumleta mtu mbele ya meza ya afisa.

Kwa nini nchi zenye madini na mafuta hubaki maskini?

Fedha za madini hazihitaji ridhaa ya mlipakodi, kwa hiyo watawala husahau kumsikiliza. Pia dola zikiingia nyingi sarafu hupanda, na mkulima na mwenye kiwanda wanaouza nje hushindwa kushindana. Uholanzi iliyaona haya baada ya gesi kugunduliwa Groningen mwaka 1959.

Botswana ilipopata uhuru mwaka 1966 ilikuwa miongoni mwa nchi maskini kabisa duniani. Mwaka uliofuata almasi iligunduliwa Orapa, katika ardhi ya Bangwato, kabila la Rais Seretse Khama mwenyewe. Angeweza kuing'ang'ania. Haki za madini zikawekwa mikononi mwa taifa zima, mapato yakaenda shuleni, barabarani na kwenye akiba, na kwa zaidi ya miaka 30 uchumi ulikua kwa kasi iliyoshindwa na nchi chache sana. Haikumaliza matatizo yote. Tofauti ya kipato ni kubwa mno, na almasi inapokosa wanunuzi nchi nzima inatetereka. Norway ilitenga mfuko wake wa mafuta kwa sheria ya 1990, na matumizi ya kila mwaka yamewekewa kikomo.

## Yanayozua ubishi

Je, nchi inahitaji mkono wa chuma ili ikue haraka?

Wanaosema ndiyo hutaja Korea ya Park na China. Huwasahau madikteta wengi zaidi walioacha nchi zao zikiwa magofu. Hata China yenyewe inatoa jibu la pande mbili. Chama kilekile kilichoongoza ukuaji ndicho kilichosababisha njaa ya 1959 hadi 1961 iliyoua mamilioni, na moja ya sababu ni kwamba maafisa waliogopa kuripoti kuwa mavuno hayapo.

Mageuzi yenyewe yalianzia mahali pa ajabu. Usiku mmoja wa mwisho wa 1978, wakulima 18 wa kijiji cha Xiaogang, mkoani Anhui, walikutana kwa siri wakagawana ardhi ya pamoja ili kila kaya ilime yake. Waliweka dole gumba kwenye karatasi, na kukubaliana kwamba wakifungwa, wengine watalea watoto wao. Mwaka uliofuata walivuna kuliko walivyowahi kuvuna. Serikali ikaamua kutowaadhibu, kisha ikaruhusu nchi nzima ifanye vivyo hivyo. Nguvu ya serikali haikuubuni mfumo huo. Iliacha kuuzuia. Na Botswana na Morisi zimekua kwa miongo kadhaa huku zikipiga kura.

Mageuzi huumiza. Nani abebe maumivu?

Asiwe mtoto. Katika mageuzi ya miaka ya 1980, nchi nyingi za Afrika zilirudisha au kupandisha ada za shule na zahanati ili bajeti zisawazike. Baadhi ya mageuzi hayo yalihitajika, kama kuacha viwango bandia vya sarafu. Kumtoza mgonjwa na mwanafunzi kulikula mbegu. Uganda ilifuta ada ya msingi mwaka 1997, Tanzania mwaka 2001, Kenya mwaka 2003, na watoto walifurika madarasani, wengine wakiwa wameshapita umri. Miaka waliyokosa haikurudishwa na mtu.

Teknolojia mpya ikija, serikali iizuie kwanza au iiache?

Iitazame kwa karibu. M-Pesa ilipoanzishwa Kenya Machi 2007, hakukuwa na sheria iliyoeleza kampuni ya simu inawezaje kutuma fedha. Benki Kuu ingeweza kukataa. Badala yake ilitaka kujua fedha za wateja zitatunzwa wapi, ikaridhika kuwa zitakaa kwenye akaunti ya amana benki bila kuguswa na kampuni, ikatoa barua ya kutopinga na kuendelea kufuatilia. Sheria ya mifumo ya malipo ilikuja mwaka 2011, baada ya mambo kueleweka.

Nitaitambuaje sera mbaya kabla haijaleta madhara?

Hakuna kipimo kamili, ila mimi hutazama ishara hizi. Imetangazwa ghafla na inaanza kesho. Haina tarehe ya kupimwa wala kipimo. Inategemea watu watende kinyume na maslahi yao ili ifaulu. Inampa afisa mmoja uhuru wa kuamua nani apate na nani akose. Wanaoikosoa wanaitwa maadui wa maendeleo badala ya kujibiwa. Ukiona tatu kati ya hizo pamoja, andika barua kwa mbunge wako mapema.

Nchi ikishakosea sana, inaweza kurudi?

Inaweza, ila muda hauulizi nia yako. Vietnam ilianza mageuzi yake ya Doi Moi mwaka 1986, na ndani ya miaka michache, nchi iliyokuwa ikipungukiwa chakula ikawa muuzaji mkubwa wa mchele duniani. Mpunga huvunwa baada ya miezi.

Ghana ilibadili sera mwaka 1983: ikaacha kile kiwango bandia cha cedi na kuanza kumwongezea mkulima bei. Magunia yaliyokuwa yakivushwa mpakani yalianza kurudi kwenye vituo vya ndani. Lakini mikakao iliyokatwa na ile ambayo haikupandwa haikuweza kurudi kwa tangazo. Ilibidi watu waamini tena, kisha wapande, kisha wasubiri. Mavuno ya 1964/65 yalipitwa kwa mara ya kwanza katika msimu wa 2003/04, takriban miaka 40 baadaye, na wengi wa waliopogoa mashamba yale ya mwanzo hawakuwepo kuyaona.